Nyaya zilioshewa mpira kabla ya mikono

Januari 18, 2027 itatimia miaka 10 tangu Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ipige marufuku glavu za hospitali zenye poda. Kanuni yenyewe ilichapishwa Desemba 19, 2016, na ilikuwa mara ya pili tu kwa mamlaka hiyo kuondoa sokoni aina nzima ya kifaa tiba. Mara ya kwanza ilikuwa 1983, ilipokataza nyuzi bandia za kupandikizwa kichwani badala ya nywele. Anayeisoma hati ya 2016 haraka haraka anaweza kudhani kosa lote lilikuwa la poda, ule unga mweupe wa wanga wa mahindi unaofanya glavu iteleze wakati wa kuvaa. Poda ina makosa yake, na hati inayataja: huingia kwenye kidonda, huleta uvimbe, na huweza kufanya viungo vya tumboni vinatane baada ya upasuaji. Lakini hati hiyo inarudi tena na tena kwenye jambo jingine, kwamba poda hubeba protini za mpira asilia na kuzirusha hewani, na protini hizo ndizo zinazowabana watu kifua. Poda ilikuwa mchukuzi tu. Mzigo wenyewe ulitoka shambani, ndani ya utomvu wa mti, na namna ya kuushusha ilikuwa inajulikana kwa wakemia wa mpira tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili. Swali linalostahili kuulizwa katika kumbukumbu hii ni kwa nini ujuzi huo ulichukua takribani miaka 60 kufika kwenye mkono wa muuguzi. Kwa ushahidi uliopo, jibu ni kwamba mpira uliotolewa protini ulitafutwa kwanza kwa ajili ya nyaya, kisha kwa ajili ya mashine, na ngozi ya binadamu ikawekwa mwisho wa foleni.

Tuanze na utomvu wenyewe, maana bila kuujua ugomvi wote unaofuata hauna maana. Utomvu wa mti wa mpira, Hevea brasiliensis, unapogemwa alfajiri na kudondokea kikombeni, bado si mpira. Ni maji yenye chembe ndogo mno za mpira zinazoelea, kiasi cha theluthi moja ya uzito wote, pamoja na sukari, mafuta, madini na protini. Protini ni kidogo, asilimia 1 hadi 2, lakini zina kazi. Kama robo yake imekaa juu ya chembe za mpira, ikishirikiana na mafuta ya jamii ya fosfolipidi kuzifunika kwa utando ili zisigandane; karibu nusu imeyeyuka katika maji; na zilizobaki zimo ndani ya vifuko vidogo viitwavyo lutoidi, ambavyo ni sehemu ya kinga ya mti unapojeruhiwa. Katika vifuko hivyo ndimo ilimo heveini, protini iliyotengwa ikiwa fuwele mwaka 1960, na ambayo leo inajulikana kuwa miongoni mwa visababishi vikubwa vya mzio kwa wahudumu wa afya. Ndizi na parachichi zina protini zinazofanana nayo, ndiyo maana baadhi ya wenye mzio wa mpira huwashwa midomo wakila matunda hayo. Orodha ya kimataifa ya visababishi vya mzio inataja protini 15 za mti huu, kuanzia Hev b 1 hadi Hev b 15.

Sasa iangalie sabuni. Utomvu hutiwa amonia ili usioze, na katika amonia yale mafuta ya fosfolipidi huvunjika na kutoa sabuni, ambayo nayo huenda kukaa juu ya chembe za mpira na kuzishikilia. Kabla mkemia hajaongeza chochote, pipa la utomvu limekwisha kujitengenezea sabuni yake. Kuosha utomvu kunatumia tabia hiyohiyo. Chembe ya mpira inahitaji mlinzi wa kuizuia isiungane na jirani yake, lakini haihitaji mlinzi huyo awe protini. Ukiongeza sabuni ya kutosha, hasa sodiamu dodesili salfeti, ambayo ni kemikali ileile ya povu iliyomo katika shampuu na dawa nyingi za meno, sabuni inachukua nafasi juu ya chembe, protini inasukumwa nje na kubaki majini. Hapo utomvu unapitishwa kwenye sentrifuji, mashine inayozunguka kwa kasi na kutenga mpira mwepesi na maji mazito kama kiwanda kinavyotenga malai na maziwa. Maji yenye protini yanamwagwa, mpira unachanganywa upya na maji safi yenye sabuni kidogo, unazungushwa tena. Kila mzunguko unapunguza protini.

Hatua za mwanzo za historia ya mpira zimeandikwa mara nyingi na hazihitaji nafasi kubwa hapa. Charles Goodyear alipata mwaka 1839 njia ya kuupika mpira kwa salfa. Henry Wickham alitoa Brazili mbegu zipatazo 70,000 mwaka 1876 na kuzifikisha bustani ya Kew, London. Miche yake ikapelekwa Asia, na Henry Ridley wa bustani ya Singapore akaonyesha namna ya kugema bila kuua mti. Kabla mashamba hayo hayajakomaa, mpira wa porini wa Kongo ya Mfalme Leopold ulikuwa umekwisha kuondoka na roho za watu wengi mno, na wagema wake waliuacha utomvu wa mitambaazi ya jamii ya mibungo ukaukie kwenye mikono na vifua vyao, kisha wakaubandua pamoja na vinyweleo. Katika majira ya baridi ya 1889 kuingia 1890, daktari William Halsted wa Hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, aliomba atengenezewe glavu nyembamba kwa ajili ya muuguzi Caroline Hampton, ambaye mikono yake ilikuwa ikichubuka kwa dawa ya zebaki ya kuua vijidudu. Glavu ya upasuaji ilianza kama kinga ya ngozi ya mhudumu, na faida yake kwa mgonjwa ilionekana baadaye. Jambo hilo linafaa kukumbukwa tunapofika miaka ya 1980.

Protini ilipoanza kuonekana kuwa kero, ilionekana chini ya bahari. Tangu katikati ya karne ya 19 nyaya za simu za maandishi zilizolazwa baharini zilifunikwa kwa gutapacha, utomvu mkavu wa miti mingine ya visiwa vya Asia. Simu ya sauti ilitaka kifuniko bora zaidi, na mpira wa Hevea ulikuwa mwingi na wa bei nafuu, isipokuwa una tabia moja mbaya kwa mhandisi wa umeme: ukikaa majini unafyonza maji, na ukishafyonza maji unavujisha umeme. Wakemia wa Bell Telephone Laboratories nchini Marekani walitambua kwamba anayefyonza maji si mpira wenyewe, ni protini zilizomo ndani yake. A. R. Kemp na wenzake wakautoa mpira protini kwa kuupika katika maji hadi protini zikavunjika na kuoshwa, wakauchanganya na utomvu wa balata uliotolewa ulimbo pamoja na nta, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 wakatangaza kifuniko kipya walichokiita paragutta. Kikatumika katika waya wa simu kati ya Key West, Florida, na Havana, Cuba. Tafakari maana yake. Watu hao walijua kwamba mpira una protini, walijua protini hizo zinayeyuka na kutoka mpira ukikutana na maji ya moto, na walikuwa na njia ya kiwandani ya kuziondoa. Jasho la mkono ni maji yenye chumvi yenye joto. Hakuna aliyelifikiria, na kwa wakati huo si haki kuwalaumu sana, kwa sababu ripoti za kwanza za watu waliodhuriwa na mpira asilia, zilizotoka Ujerumani mwaka 1927, zilikuwa chache na zikasahaulika.

Lawama inaanza kupata uzito katika miaka ya 1970. Taasisi ya Utafiti wa Mpira ya Malaysia, iliyoanzishwa katika miaka ya 1920 wakati nchi hiyo ikiitwa Malaya, ilitengeneza mpira uliotolewa protini kwa matumizi ya uhandisi. Njia yake ilikuwa ya vimeng'enya: utomvu ulichanganywa na kimeng'enya kinachokata protini vipande vipande, vipande vikayeyuka na kuoshwa. Kimoja kati ya vimeng'enya vilivyojaribiwa ni papaini, inayopatikana kwa kukwaruza mapapai mabichi na kukinga utomvu wake, biashara ambayo Tanganyika na Kongo ziliwahi kuwa na sehemu yake. Nitrojeni, ambayo ndiyo kipimo cha wakemia cha protini iliyobaki, ilishuka kutoka kiasi cha asilimia 0.4 au 0.5 hadi karibu 0.1. Mpira huo ulisifiwa kwa sababu haufyonzi maji na haulegei ukibebeshwa uzito kwa muda mrefu, sifa zinazotakiwa kwenye viegemeo vya mashine. Kwa maneno mengine, miaka kumi na kitu kabla ya balaa la glavu, nchi ileile ambayo ingekuja kuwa mtengenezaji mkubwa wa glavu duniani ilikuwa na njia ya kuondoa protini maabarani na sokoni. Ilikuwa ghali, na mteja wake alikuwa injini.

Balaa lilikuja na UKIMWI. Mwaka 1987 Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani, CDC, kilitoa mwongozo kwamba damu ya kila mgonjwa ichukuliwe kuwa inaweza kuambukiza, na kila anayeigusa avae glavu. Ulikuwa uamuzi sahihi na umeokoa maisha. Lakini mahitaji ya glavu yalipanda ghafla, viwanda vipya vikaota Malaysia na kwingineko, na maelezo yanayotolewa na wengi waliochunguza kipindi hicho ni kwamba katika haraka hiyo hatua iliyopunguzwa ni kuosha. Glavu huzalishwa kwa kuchovya viganja vya kauri katika utomvu, kuvikausha, na kuvipitisha kwenye maji ya moto ili vitu vinavyoyeyuka vitoke. Ukiharakisha mkanda, kiganja kinakaa majini muda mfupi. Utomvu ukitumiwa mapema bila kukaa kwenye amonia, protini zake bado ni nzima. Kisha glavu inapakwa poda, na poda inafyonza kile ambacho maji hayakukitoa. Tayari mwaka 1979 daktari wa ngozi wa Uingereza, Nutter, alikuwa ameeleza kisa cha mgonjwa aliyetokwa na vipele vya mzio kwa kuvaa glavu za mpira. Nchini Finland, Kristiina Turjanmaa alipima wafanyakazi wa hospitali mwaka 1987 na kukuta karibu 3 kwa kila 100 wana mzio wa mpira, na zaidi ya hapo kwa waliofanya kazi vyumba vya upasuaji. Watoto waliozaliwa na mgongo wazi, ambao hupasuliwa mara kwa mara tangu uchanga, walikutwa na hali mbaya kuliko wote; katika tafiti kadhaa zaidi ya nusu yao walikuwa na mzio huo. Kati ya 1988 na 1992 FDA ilipokea ripoti zaidi ya 1,000 za madhara ya vifaa vya mpira asilia, vikiwemo vifo 15, vilivyohusishwa na puto la mpira la kifaa cha kupitishia dawa ya eksirei kwenye utumbo mpana.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza, na unastahili kusimuliwa kwa urefu kwa sababu unaonyesha jinsi jambo lililo wazi maabarani linavyoweza kuzungushwa miaka mingi ofisini. Ugomvi wa kwanza ulikuwa wa lebo. Boksi nyingi za glavu ziliandikwa kwamba bidhaa hiyo haileti mzio. Maandishi hayo yalitokana na kipimo cha ngozi kilichochunguza mabaki ya kemikali za kuharakisha upikaji wa mpira, zile zinazoleta ukurutu siku moja au mbili baada ya kuvaa. Kipimo hicho hakikugusa protini kabisa. Kwa hiyo muuguzi aliyekwisha kubanwa kifua aliweza kuchagua boksi hilo kwa makusudi, akiamini anajikinga, na kuvaa glavu yenye protini nyingi kuliko aliyoiacha. Watengenezaji walijitetea kwamba hawakudanganya, kwa kuwa kipimo walichoulizwa walikipasi. Ni kweli walikipasi, na ndiyo maana kosa hilo ni la mfumo zaidi ya mtu mmoja. Lakini baada ya tahadhari ya FDA ya Machi 1991 kuhusu mzio wa mpira hakuna aliyeweza kusema hajui. Hata hivyo kanuni ya kufuta maneno hayo na kulazimisha boksi liseme wazi kwamba lina mpira asilia unaoweza kuleta mzio ilitolewa 1997 na kuanza kutumika Septemba 30, 1998. Miaka saba ilipita kwa ajili ya sentensi moja kwenye boksi.

Ugomvi wa pili, wa poda, ulikuwa mrefu zaidi. Watafiti wa Mayo Clinic, Minnesota, walipima hewa ya vyumba vya kazi na kuonyesha kwamba palipovaliwa glavu zenye poda hewa ilikuwa na protini za mpira kwa wingi, na palipovaliwa zisizo na poda zilikuwa kidogo sana. Maana yake ni kwamba hata asiyevaa glavu, kwa kukaa tu chumba kimoja na wanaovaa, alikuwa anavuta protini hizo. Mwaka 1998 shirika la kutetea walaji la Public Citizen liliiomba FDA ipige marufuku glavu za mpira zenye poda ya wanga. FDA ilikataa njia ya marufuku, ikapendekeza mwaka uliofuata utaratibu wa kuweka viwango na maonyo. Hoja zilizotolewa dhidi ya marufuku zilikuwa na uzito: glavu zitapungua, bei itapanda, madaktari wa upasuaji watashindwa kuvaa glavu haraka wakiwa na mikono yenye maji. Public Citizen ikarudi na ombi jingine mwaka 2011. Marufuku ikatoka Desemba 2016, miaka 18 baada ya ombi la kwanza, na FDA yenyewe ikakiri katika hati yake kwamba soko lilikuwa limekwisha kuhama kwa hiari na kwamba marufuku haitaleta upungufu. Basi hofu iliyochelewesha uamuzi haikutimia. Ujerumani ilikuwa imekwisha kuonyesha hivyo. Nchi hiyo ilizuia glavu za mpira zenye poda kazini mwaka 1998, na Henning Allmers na wenzake, waliofuatilia taarifa za bima ya wafanyakazi wa afya, walikuta kwamba visa vilivyoshukiwa kuwa mzio wa mpira vilifika kilele mwaka huo, kisha vikashuka mwaka baada ya mwaka.

Uzoefu wa Ujerumani ndio nguzo ya hoja yangu, kwa hiyo usisomwe juu juu. Hospitali za huko hazikuukimbia mpira asilia. Zilinunua glavu za mpira uleule, zisizo na poda na zenye protini kidogo, na wagonjwa wapya wakapungua. Upande mwingine, Hospitali ya Johns Hopkins, nyumba ya Halsted na Hampton, ilitangaza Januari 2008 kwamba inaacha kabisa glavu za mpira asilia. Uamuzi huo una mantiki katika hospitali inayopokea watoto wenye mgongo wazi, na hakuna wa kuwalaumu. Lakini ndio uliopata sifa na vichwa vya habari, na ukawaachia watu wengi wazo kwamba mti ndio wenye hatia na dawa ni kuuacha. Mti haukubadilika kati ya 1950 na 1990 kwa namna ya kueleza kilichotokea. Kilichobadilika kwa wingi ni idadi ya glavu na namna zilivyotengenezwa.

Maabara nazo ziliendelea. Nchini Japani, Yasuyuki Tanaka na baadaye Seiichi Kawahara wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Nagaoka waliunganisha vimeng'enya na sabuni na kushusha nitrojeni kuliko ilivyowahi kushushwa. Kazi yao iliyobadilisha mambo ni ya 2004. Vimeng'enya vina kasoro mbili: vinafanya kazi polepole, na vyenyewe ni protini, kwa hiyo unaongeza kile unachotaka kukitoa, na vipande vilivyokatwa vinaweza bado kumwasha mtu. Kawahara na wenzake walivitupa kabisa. Walichukua utomvu, wakatia yurea kidogo, sehemu 0.1 kwa 100, na sodiamu dodesili salfeti sehemu 1 kwa 100, wakauacha saa moja kwenye joto la nyuzi 30, joto la mchana wa kawaida wa Tanga au Mombasa, kisha wakauzungusha na kuuosha. Yurea hulegeza mkunjo wa protini na kukata vishikizo vyake. Sabuni huchukua nafasi iliyoachwa. Nitrojeni ikashuka kutoka asilimia 0.38 hadi 0.02. Vitu vyenyewe si vya anasa. Yurea inauzwa kwa magunia kama mbolea katika kila duka la pembejeo, na sabuni ile ipo kwenye kila rafu ya duka la vipodozi. Baadaye wakaongeza asetoni na kufika mahali ambapo kipimo hakikuona nitrojeni tena.

Je, mpira uliooshwa hivyo bado ni mpira mzuri? Hili ndilo pingamizi la kitaalamu lenye nguvu zaidi, na Tanaka mwenyewe ndiye aliyelipa msingi. Yeye na wanafunzi wake walionyesha kwamba ncha moja ya mnyororo wa mpira imeshikana na protini na ncha nyingine na fosfolipidi, na kwamba miunganiko hiyo inachangia nguvu ya mpira mbichi. Ukitoa protini, mpira mbichi unalegea; protini pia husaidia mpira kupikika na salfa, na baadhi ya vitu vinavyoondoka na maji ya kuoshea ni vile vinavyoukinga usiharibiwe na hewa. Yote hayo ni kweli. Lakini glavu si mpira mbichi. Ni mpira uliopikwa, na vishikizo vya salfa hufanya sehemu kubwa ya kazi iliyokuwa ikifanywa na protini, huku kinga dhidi ya hewa ikiongezwa kwa kemikali, kama inavyoongezwa katika bidhaa nyingine nyingi. Tena hakuna anayehitaji sifuri ili kuwalinda wahudumu wengi. Kiwango cha Marekani cha glavu za upasuaji kinapendekeza protini isizidi maikrogramu 200 kwa desimeta moja ya mraba, na Malaysia kwa glavu zake zisizo na poda ilijiwekea 50. Kufika huko si lazima kuosha utomvu wote kwa kiwango cha Nagaoka. Kuzungusha mara mbili, kuosha glavu vya kutosha kwa maji ya moto na kuipitisha kwenye klorini kunaweza kutosha. Kwa aliyekwisha kupata mzio mkali, sawa, hata hiyo isimkaribie; yeye anahitaji glavu ya aina nyingine.

Wapo wanaosema kipimo chenyewe hakiaminiki, kwa sababu kinahesabu protini zote wakati zinazodhuru ni chache. Pingamizi hili nalo lina haki yake. Kipimo cha D5712 cha ASTM, shirika la viwango la Marekani, kinahesabu jumla, na sabuni na kemikali zilizobaki zinaweza kukivuruga, ndiyo maana kinaanza kwa kuigandisha protini kwa asidi na kuitenga kabla ya kuipima. Kipimo cha pili, D6499, kinatumia kingamwili kutafuta protini za mpira zenyewe zinazotambuliwa na mwili. Vikitumika pamoja vinatoa picha ya kutosha kwa mnunuzi kuchagua. Gharama na maji machafu ni pingamizi zito zaidi kwangu. Kuosha kunahitaji maji mengi na kunayaacha na sabuni na protini, na mito ya Malaysia ilichafuliwa na viwanda vya mpira hadi serikali ikatunga kanuni maalumu mwaka 1978. Kiwanda kisicho na mabwawa ya kusafishia maji yake kisiruhusiwe kuosha utomvu. Lakini mbadala unaosifiwa, glavu za naitraili, unatengenezwa kwa mafuta ya petroli, na mara nyingi bado una kemikali zilezile za kuharakisha upikaji zinazoleta ukurutu.

Afrika Mashariki inaingia katika historia hii kwa mlango wake. Wajerumani walipanda mpira wa aina nyingine, ule wa Ceara, Tanga na Morogoro, na mashamba hayo yakaanguka mwaka 1913 bei iliposhuka kwa sababu ya mpira wa Asia. Japani ilipoiteka Malaya mwaka 1942, miti iliyotelekezwa Tanganyika ikagemwa tena kwa ajili ya vita. Hevea tunayo Kihuhwi, wilayani Muheza, na Kalunga, Kilombero. Bohari ya Dawa ya Tanzania imejenga kiwanda cha mipira ya mikono, yaani glavu, Idofi, Makambako. Ni jambo la kujivunia, na kwa sababu hiyo inafaa kuuliza mapema maswali ambayo Marekani iliyauliza kwa kuchelewa. Huku kwetu glavu yenye poda bado inauzwa dukani kama kitu cha kawaida, na husikika mara kwa mara kwamba mzio wa mpira ni tatizo la Wazungu. Hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, iliwapima wafanyakazi wake na kuukuta mzio huo kwao, na ikaingiza glavu zenye protini kidogo katika baadhi ya idara. Mkunga anayebadilisha glavu siku nzima katika wodi yenye madirisha mawili anavuta poda kama muuguzi wa Minnesota alivyoivuta, tofauti ikiwa kwamba yeye hakuna aliyempimia hewa.

Kinachotakiwa kinaweza kuandikwa leo katika karatasi ya zabuni ya hospitali yoyote ya wilaya: glavu isiwe na poda, na iambatane na ripoti ya kipimo cha protini cha ASTM D5712 au cha kiwango cha Ulaya, EN 455-3. Watengenezaji wanaouza Ulaya na Marekani wamezoea kupeleka nyaraka za aina hiyo, kwa hiyo mnunuzi wa Singida au Kisumu hatakuwa anaomba kitu kigeni. Na kwa glavu zinazotengenezwa hapa, boksi liseme kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka, kwamba ndani yake mna mpira asilia, kwamba glavu haina poda, na ni maikrogramu ngapi za protini zimebaki kwa kila desimeta ya mraba.